Mzungu Aliyeita Ng'ombe

Mwaka ule wa uasi watu wa Uvira walikuwa na mengi ya kuogopa, na kila mtu alijichagulia lake. Wapo walioogopa ndege zilizopita juu ya ziwa, wapo walioogopa bunduki, na wapo walioogopa majirani, ambao kusema kweli ndio waliostahili kuogopwa kuliko vyote. Mukansanga aliogopa wimbo. Asubuhi na jioni alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba pale mlimani, karibu na korongo lililo nyuma ya nyumba yake, asitokee mtu wa kuuimba.

Ukisikia hivyo utasema mwanamke huyu akili zilimruka. Ngoja kwanza.

Wimbo wenyewe ulitoka mbali. Kabla ya uhuru kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye duka pale Uvira, mtu mnene aliyependa samli ya milimani kuliko alivyompenda mkewe. Aliyemteremshia samli hiyo ni Rugema, kijana wa juu, wakati huo hajaoa. Siku moja alimkuta Mgiriki amekaa barazani, gramafoni inazunguka, na ndani yake mwanamume wa Kizungu anaimba na gitaa moja. Maneno hayakueleweka. Aliimba polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika, kisha kila mwisho wa ubeti sauti ilimkatika kooni, ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena. Rugema akatua kibuyu cha samli chini, akasema kwamba mtu huyu anaita ng'ombe.

Mgiriki alicheka mpaka tumbo likamtikisika. Akamweleza kwamba huo ni wimbo wa mapenzi, wa zamani, wa watu wa mashambani huko Amerika. Kijana amemwacha mpenzi wake nyuma ya milima, sasa anamlilia. Rugema hakukubali hata kidogo. Yeye amezaliwa zizini, halafu sauti ya kuitia ng'ombe aje kufundishwa na muuza sukari? Kwao juu kila mwanamume alikuwa na sauti yake ya kuitia ng'ombe, na ng'ombe wake hawakuitika nyingine. Akarudi mlimani akawasimulia watu. Wazee wakakubaliana kwamba kumbe Amerika nako kuna wachungaji, tena yule Mzungu lazima ana ng'ombe wengi, maana mwenye ng'ombe wawili hapigi kelele kiasi hicho.

Uhuru ulipoingia Mgiriki alifungasha, akavuka kwenda Usumbura na vilivyoenea ndani ya motokaa, na visivyoenea akavigawa. Rugema akapata gramafoni na santuri mbili, moja ya nyimbo za kanisa na nyingine ile. Aliipandisha mlimani kichwani, huku kibuyu cha samli amekisahau barazani kwa mtu. Lakini wakati huo sauti ya yule Mzungu alikwisha kuifanya yake. Kila jioni alisimama ukingoni mwa kilima akawaita ng'ombe wake kwa ile sauti ya kuruka, nao wakaja, Bihogo mwekundu akiwa mbele, mikia juu.

Na si ng'ombe tu waliokuja. Ng'ambo ya bonde, kwenye boma la baba yake, Mukansanga alikuwa msichana. Ikifika saa ile alitoka mpaka kwenye ua na chungu mkononi, anasuuza chungu kilichokwisha kusuuzwa. Baba yake alizoea kusema kwamba ng'ombe wa yule kijana bila shaka ni viziwi, ndiyo maana anawaita muda mrefu hivyo. Mahari ikatolewa, wakaoana, na jioni ya kwanza katika nyumba yake Mukansanga alizungushiwa ile santuri mpaka sindano ikachoka. Tangu hapo mtu akimuuliza nani alikuwa na haki, Mgiriki au mume wake, alijibu kwamba wote wawili. Anayemwita ampendaye, alisema, hutumia sauti ileile, awe anayeitwa ana pembe au hana.

Jambo moja zaidi ulijue, maana bila hilo mengine hayatakuingia. Kwenye kilima chao mwanamke alisuka maziwa, alipaka vibuyu mafuta, lakini hakukama na hakuita ng'ombe. Hiyo ilikuwa kazi ya mume. Mume akifa, jioni ya maziko mjane husimama mlangoni pa zizi akawaita ng'ombe mara moja, kwa sauti ya marehemu, ili wajue mwenyewe hatakuja tena. Hata watu wa bonde la Ruzizi walilijua jambo hilo. Wakiwa mashambani mwao wakasikia sauti ya mwanamke inaita ng'ombe juu mlimani, waliacha jembe na kuvua kofia.

Basi uasi ukaja. Wapiganaji waliingia Uvira na majani vichwani na dawa mwilini, na jambo la kwanza walilotafuta ni watu wa Leta, yaani kila aliyewahi kula mkate wa serikali, awe karani, mwalimu au askari. Rugema alikuwa amevaa shati la kaki la Leta kwa misimu michache, akimshikia pembe daktari wa ng'ombe wakati wa sindano. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kushika pembe. Lakini wenzake wawili waliolivaa shati hilo walichukuliwa Kavimvira mchana kweupe, wakapelekwa ufukweni, na mashati yao yalionekana baadaye yamevaliwa na watu wengine.

Rugema alilichoma shati lake, akaingia na ng'ombe wake ndani ya korongo nyuma ya nyumba, penye mianzi na miti iliyofungamana hata jua halifiki chini. Mukansanga alimsihi avuke Ruzizi aende Burundi kama wengine. Alikataa. Atavukaje na ng'ombe, na bila ng'ombe atavuka kama nani? Hilo lilimkasirisha Mukansanga, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana mtu anayekufa kwa ajili ya mifugo humwachia mkewe kilio na mifugo hiyohiyo. Lakini akawa anampelekea chakula kila asubuhi ndani ya kapu la kuchotea majivu.

Kule korongoni Rugema hakuita tena. Aliwatuliza ng'ombe kwa chumvi na kwa mkono, akiwapapasa shingo. Na ndipo alipomwambia mkewe neno lililomnyima usingizi. Ng'ombe walikuwa na kiu ya ile sauti. Kila jioni, saa ya kurudi, Bihogo alisimama, akaelekeza masikio nyumbani, akangoja. Wakiisikia tu, alisema, hakuna kamba wala ua utakaowazuia. Watatoka korongoni wote, na mwenye macho ataona wametokea wapi.

Sasa umeelewa kwa nini aliogopa wimbo.

Nyumbani walibaki wanawake wawili, yeye na mama mkwe wake Nyirabahizi, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache na kila moja lilikuwa na uzito wake. Mukansanga alimshauri kwamba wapiganaji wakija na kuuliza, waambiwe tu Rugema amekufa. Mtu aliyekufa hatafutwi. Mzee yule aliacha kusuka mkeka, akamtazama mpaka mkwewe akainamisha kichwa.

"Minye nilimuzaa mara moja," alisema. "Weye usimuzike na mudomo yako."

Kumtaja mzima kuwa maiti ni kumchulia, na Nyirabahizi alikwisha kuzika watoto watatu bila kuwachulia. Wakakubaliana kusema hayuko, na zaidi ya hapo wasiseme kitu.

Wapiganaji walifika kijijini mwanzo wa kiangazi, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka. Walifanya kanisa kuwa kambi yao. Mkubwa wao aliitwa Ildephonse, mtu wa Nyakabere huko bondeni, mrefu, mpole wa sauti, na wapole wa sauti walioshika bunduki ndio wa kutazamwa vizuri. Waliuliza habari za watu wa Leta. Waliambiwa hawako. Wakaanza kupekua nyumba moja moja.

Mukansanga aliwaona wakiwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Gramafoni ilikuwa kwenye kona, imefunikwa ngozi. Kuificha tena hakukuwa na nafasi, ila santuri ile aliichomoa, akaiweka juu ya sakafu, akatandika mkeka juu yake, akaketi. Hiyo ilikuwa akili ya haraka, tena nzuri. Dawa ya wapiganaji ilikuwa na miiko mingi, na mmoja wa miiko hiyo ulikataza mwili wa mpiganaji kugusana na mwanamke. Akiguswa, risasi haigeuki maji tena. Wangeweza kupekua nyumba nzima, lakini yeye hawangemnyanyua kwa mikono.

Wakaingia. Wakamwaga mtama, wakachoma nyasi za kitanda kwa mkuki, wakafunua ngozi. Mpiganaji mmoja aliruka nyuma alipoona ile tarumbeta ya gramafoni imemfungulia kinywa.

"Hii njo masini ya kuzungumuza na Bamerika," alisema.

Wakati ule kuambiwa unazungumza na Wamarekani, marafiki wa Leta, ilikuwa sawa na kuonyeshwa kaburi lako. Nyirabahizi pale mlangoni alikuwa anatembeza midomo, anasali. Kisha Komanda Ildephonse akainama kuingia ndani, akakiona kile chombo, na uso wake wote ukabadilika. Akapiga goti. Akakipapasa mpini wake kwa vidole viwili, taratibu.

"Hapana," aliwaambia watu wake. "Hii iko gramafoni. Minye nilikuwa boyi ku nyumba ya Muzungu, Uvira. Kila mangaribi njo minye nilikuwa naizungusha."

Akataka diski. Mukansanga akamwonyesha kwa kidevu ile ya kanisa. Komanda akaizungusha, wakasikiliza kwaya ya watu wa mbali ikimsifu Mungu, akaitoa kabla haijaisha. Akauliza kama hakuna nyingine. Kule kwa Mzungu wake, alisema, ilikuwepo moja ya mtu anayeimba na gitaa halafu sauti inamruka juu. Tangu siku alipoisikia hajawahi kuisahau. Hata msituni, akikosa usingizi, humrudia.

Duniani kuna nyimbo ngapi? Na Uvira yote ilikuwa na gramafoni ngapi, hata huyu aliyekuja na bunduki mlangoni mwake awe ameupenda ule ule? Akajibu kwamba hakuna nyingine.

"Mama, simama," alisema Komanda, bila kupandisha sauti.

Angesimama vipi? Mukansanga alijifanya mgonjwa wa mguu, akajikokota, akaegemeza uzito wake wote kwenye goti moja katikati ya mkeka. Kitu kikavunjika chini yake, sauti ndogo tu, nayo akaifunika kwa kikohozi. Aliposimama aliukunja mkeka pamoja na vipande vyake, akaukumbatia kifuani kama wafanyavyo wanawake wenye aibu mbele ya wageni. Komanda alitazama sakafu tupu. Akatikisa kichwa, akaondoka, na gramafoni akaibeba.

Mukansanga alibaki ameukumbatia ule mkeka. Alihisi vipande kwa ndani, vitatu au vinne. Jioni yake ya kwanza ya ndoa ilikuwa humo. Lakini pamoja na uchungu ule kulikuwa na raha, na hakuona haya kuisikia raha hiyo. Wimbo umekufa, mume wake yuko hai. Nani angesema amepata hasara?

Ndivyo alivyodhani, masikini, kwamba wimbo hukaa ndani ya santuri.

Alasiri ile wapiganaji walikoka moto mbele ya kanisa, hatua chache kutoka kwa Mukansanga. Wanawake wa kijiji waliamriwa kuwapikia, naye alikuwa miongoni mwao, akikoroga ugali, mkwewe karibu yake akipepeta unga. Jua lilikuwa linashuka upande wa milima na ziwa huko chini limekwisha kupoteza rangi. Ilikuwa saa ya ng'ombe kurudi. Komanda alikaa kwenye kizingiti cha kanisa na gramafoni isiyo na kazi mbele yake, akawa anaizungusha tu, bila kitu juu yake. Kisha, kama mtu anayejisemea, akaanza kuimba.

Maneno hayakuwa ya Kiingereza, wala hayakuwa ya lugha yoyote, yalikuwa yale ambayo sikio la boyi lilikuwa limeyaokota kutoka chumba cha pili. Lakini tuni ilikuwa yenyewe. Na huyu mtu alijua kuimba, hilo Mukansanga alilikubali kwa hofu, alijua kuliko Rugema. Wapiganaji wakaacha kuzungumza. Aliyekuwa anachonga mshale akashusha kisu. Watu waliokuja kutisha kijiji wakawa na nyuso za watu waliokumbuka nyumbani kwao. Ubeti ukafika mwisho, na sauti ya Komanda ikakatika kooni, ikaruka juu, ikaenda mpaka kwenye ukuta wa korongo, ikarudi.

Mwiko ulimtoka Mukansanga mkononi. Aliwaza amsogelee, amguse, mwiko wa dawa yake uvunjike, wampige, wamuue, lolote, mradi anyamaze. Lakini angemgusa wangeuliza kwa nini. Akawa anasema ndani ya moyo, basi, inatosha, nyamaza baba, inatosha. Komanda akaanza ubeti wa pili. Sauti ikaruka tena.

Korongoni ng'ombe akalia.

Mlio ulikuwa mrefu, wa furaha, na Mukansanga aliujua ni wa nani. Baada yake ukaja mwingine, kisha mingi. Matawi yakaanza kuvunjika. Wapiganaji wakasimama, bunduki mkononi, na Komanda akakatiza wimbo akiwa na kinywa wazi. Bihogo akatoka kwenye mianzi amechafuka matope, kipande cha kamba kinamning'inia shingoni, na nyuma yake wote, mikia juu, wanakuja kwa mbio. Kamba ile kila mtu aliiona. Ng'ombe hajifungi kamba mwenyewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mpiganaji yule aliyeogopa tarumbeta alikuwa amekwisha kuelekeza bunduki kwenye mdomo wa korongo, na wawili walianza kushuka. Mukansanga aliona kitakachotokea kana kwamba kimekwisha kutokea. Rugema hakuwa mtu wa kuwaacha ng'ombe waende peke yao. Kwa vyovyote alikuwa nyuma yao, anakimbia, na baada ya pumzi mbili tatu angetokea pale penye mwanga.

Hakufikiri. Alisimama, akatembea mpaka kwenye mlango wa zizi lililokuwa tupu muda wote ule, akaweka mkono mmoja kwenye mti wa mlango, akafungua kinywa, akaita ng'ombe.

Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Aliita kwa sauti ya mume wake, na palipokwisha ule wimbo wa Mzungu akaongeza ule mwisho wa Rugema, kipande cha kushuka polepole ambacho Rugema alikitunga mwenyewe ili ng'ombe wapunguze mbio wakikaribia nyumbani. Sauti ilimtetemeka mwanzo, kisha ikashika. Wanawake wa kijiji waliweka mikono vichwani. Wale wawili waliokuwa wanashuka wakasimama walipo. Ng'ombe wakapunguza mbio, wakaja wakamzunguka, na Bihogo akamnusa mikono kutafuta harufu ya mwenyewe.

Bado ilikuwa wazi kwamba jambo lingeweza kuanguka upande wowote. Komanda alimtazama Mukansanga, akaitazama ile kamba, akatazama korongo. Kijiji chote kilijua ukweli na kijiji chote kilikuwa kimya. Ndipo Nyirabahizi alipoacha ungo wake ukaanguka. Alijivua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini, akaweka mikono kwenye nywele zake nyeupe, akalia kilio cha maziko, akimwita mwanawe kwa jina. Kilio kile hakikuwa cha uongo. Alikuwa mama anayemzika mwanawe kwa mdomo wake, akiogopa kwamba Mungu atasikia na kumchukua kweli. Wanawake wengine wakamwitikia, na mlima ukawa na msiba.

Komanda Ildephonse alivua kofia yake.

"Murudi," aliwaambia wale wawili. "Minye niko muntu ya Nyakabere, najua ile sauti. Huyu mama iko mujane. Mule mu korongo haiko muntu."

Mmoja akabisha, akataja kamba. Komanda akamjibu kwa ukali kwamba ng'ombe wa mjane nani atawafunga, kama si mjane mwenyewe? Hapo mabishano yakaisha. Sitakuambia kwamba aliamini, wala kwamba hakuamini. Mukansanga mwenyewe alilipima jambo hilo maisha yake yote bila kupata jibu. Alichoona ni kwamba yule mtu alimsogelea mpaka umbali ambao dawa yake ilimruhusu, akasimama, kofia kifuani.

"Pole, mama. Ile mwisho minye sikuijua," alisema. "Ku diski haikukuwa. Rudilia mara moja."

Alitaka aimbe tena. Mara moja mjane huita, hakuna mjane aliyewahi kuita mara mbili, na Mukansanga akajiuliza kama huu ni mtego au ni mapenzi tu ya wimbo. Lakini mtu aliyeshika bunduki akikuomba, umeamriwa. Akaimba tena ule mwisho wa kushuka, macho yameelekea korongoni. Safari hii alijua kabisa kwamba ndani ya mianzi ile kuna mtu mmoja anayemsikia. Akamwomba kwa kila pumzi asisogee, abaki amekufa. Komanda alitikisa kichwa taratibu akifuatisha. Akarudia kwa sauti ya chini mpaka kikamwingia.

Wapiganaji walichinja ng'ombe wawili jioni ile, na siku walipoondoka waliswaga wengi wa waliobaki kwenda Luvungi. Bihogo alikuwa miongoni mwa walioenda. Alisimama njiani akageuza masikio, akangoja, wakampiga fimbo akaenda.

Rugema alitoka korongoni mpiganaji wa mwisho alipokwisha kupotea njiani. Alikuwa amekonda na macho yamemvimba. Mukansanga alikimbia kumpokea, akitaka kuomba msamaha, lakini mumewe ndiye aliyeanza kusema.

"Nilisikia namna ulinizika," alisema. "Nililia sana, mpaka nikasahau kama yule muntu alikufa njo minye."

Walipofika nyumbani Nyirabahizi alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu kidogo cha maziwa ya ng'ombe mmoja aliyeachwa kwa sababu ya kuchechemea. Hakumruhusu mwanawe apite. Alimwekea kibuyu mdomoni kwa mkono wake, akamnywesha kidogo kidogo kama anavyonyweshwa mtoto aliyezaliwa leo, kisha akawatangazia watu waliokuwepo:

"Rugema tulisha kumuzika. Huyu njo Semana."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina la kwanza, wala Mukansanga hata wakiwa wawili tu. Kifo kikija kumtafuta Rugema kitaambiwa hayuko.

Uasi ulipokwisha waliteremka kukaa Kavimvira, maana ng'ombe wa kuwabakisha mlimani hawakuwepo tena. Nyirabahizi walimwacha amezikwa huko juu. Komanda hawakusikia habari zake, ila wimbo wake waliusikia. Ulikuwa umetembea bonde zima, pengine ni yeye aliyeupanda, pengine watu wake. Siku ya harusi moja pale Kavimvira vijana wawili wenye magitaa waliuanzisha. Sasa ulikuwa na maneno ya Kiswahili. Mwanamke amesimama zizini, jua linazama, anaita ng'ombe, na mume wake haji tena. Mwishoni kilikuwepo kile kipande cha kushuka, chote, bila kukosa sauti hata moja. Wazee walifuta machozi. Bibi harusi alitaka urudiwe, na vijana wakaurudia, na waliokuwa nje wakaingia kusikiliza.

Semana alikuwa anapigapiga mguu chini. Akamwinamia mkewe sikioni.

"Wanaimba mufu wako," alisema, anacheka.

Mukansanga hakucheka. Tangu ubeti wa kwanza alikuwa amepeleka mkono chini ya kitenge chake, ameushika mkono wa mumewe pale penye mshipa unaopiga, macho yake yakitazama mlangoni. Alingoja mpaka wimbo ukaisha, na watu wakaanza kuzungumza mambo mengine, ndipo akamwachia.